Jina la Mgongoni

Miongoni mwa hazina za National Portrait Gallery ya London imo picha aliyoichora Mfaransa Pierre Mignard mwaka 1682. Aliyechorwa ni Louise de Kéroualle, kimada wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, bibi wa mahariri na weupe wa kung'aa. Pembeni mwake, chini ya mkono wake, amesimama mtoto wa Kiafrika aliyeshika kombe lililojaa lulu na tawi la marijani jekundu. Mtazamaji aliyekulia pwani atavitambua vyote vilivyomo mikononi mwa mtoto yule, maana ni vitu vya bahari. Asiyeweza kumtambua ni mtoto mwenyewe. Maelezo ya picha yanamtaja bibi kwa jina na cheo. Mtoto anatajwa kuwa mtumishi asiyejulikana.

Makumbusho ya Ulaya yana wengi mfano wake. Huyu amebeba sinia la matunda, yule amemshika mbwa wa bwana wake, mwingine amevishwa ukosi wa fedha shingoni. Mchoraji aliwaweka hapo ili utajiri wa mwenye picha uonekane, na weusi wao uzidishe weupe wa bibi. Mgeni hupita akawatazama kama anavyotazama pazia na viti.

Lubaina Himid hakupita. Mchoraji huyu alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake akafariki naye angali na umri wa miezi tu, na mama yake, msanifu wa nakshi za vitambaa, akamchukua kwenda naye Uingereza, ndiko alikokulia. Mwaka 1985 alikusanya kazi za wanawake kumi na mmoja, weusi na wa asili ya Asia, kwa maonyesho ya The Thin Black Line katika jumba la ICA la London, na nafasi waliyopewa ikawa ukumbi wa mapito. Sifa zilichelewa. Tuzo ya Turner aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuitwaa. Na huo ndio mwaka uliofutwa sharti la kuwazuia wasanii waliotimiza miaka hamsini.

Kazi yake inayostahili kusimuliwa kwa urefu ni ile ya mwaka 2004 aliyoiita Naming the Money, yaani kuipa pesa majina. Ni sanamu mia moja zilizokatwa katika mbao nyembamba, kila moja kimo cha mtu, zikapakwa rangi za kuchangamka. Ni watu wa fani kumi, na kila fani ina watu kumi: wapiga ngoma, wachezaji, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa, wachoraji, waundaji wa vitu vya kuchezea watoto, na wapiga fidla kubwa za kale. Wamesimama sakafuni, hawakutundikwa ukutani. Anayeingia hujikuta katikati ya halaiki, na hawezi kusonga mbele ila kwa kupenya baina yao, bega kwa bega.

Akiwatazama kwa mbele tu, atasema ni sherehe. Inambidi azunguke. Mgongoni mwa kila mmoja imebandikwa karatasi mfano wa ankara ya mfanyabiashara, na juu yake, badala ya bei, mtu anajieleza kwa maneno machache: jina lake, jina analoitwa na waliomnunua, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na mwisho, kitu kidogo ambacho hakikuweza kuuzwa pamoja naye. Wakati huo sauti ukumbini inayasoma maneno hayo hayo, muziki ukipokezana nayo.

Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa usomaji wa namna hii. Kanga nayo ina pindo na mji, lakini neno lake aghalabu husomwa aliyeivaa akishapita. Himid mwenyewe amechora kazi kadhaa kwa mfano wa kanga, na maneno yake ndani.

Yupo atakayeuliza: majina yale si ya kubuni? Kweli, ni ya kubuni. Watu wa ile mia hawamo katika daftari lolote, na aliyetunga majina yao ametunga pia kumbukumbu zao. Lakini wapenzi wa ushairi wanaijua takhmisa. Mshairi hukuta beti za mwenzake aliyetangulia, akaziongezea mishororo yake hadi ikatimia mitano, wala haitwi mwongo, maadamu kila mtu anajua ipi ni ya nani. Himid alikuta picha, nayo haikuwa na neno. Ila mishororo yake haikuletwa kuziba pengo la yule mtoto wa kombe. Yeye bado hana jina, na baada ya kuwasikia wale mia, kimya chake kinasikika zaidi.

Nyumbani nako, Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, pana sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu wa zege ndani ya shimo, minyororo shingoni. Wageni huwapiga picha kila siku. Hawana karatasi mgongoni. Na hapa jambo ni zito kuliko London, kwa kuwa waliowabadilisha majina watu wale hawakuwa Wazungu peke yao. Mabruki, Feruzi, Baraka, Faida ni majina mazuri, na aghalabu aliyeitwa hivyo alikuwa na jingine kabla ya kuvushwa bahari. Zipo nyumba ambamo jambo hilo linajulikana na halisemwi.

Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Burton, Speke, Stanley na Cameron katika safari zao za bara, alikuwa Myao. Alikamatwa angali mtoto, akapitishwa Kilwa na Unguja, akauzwa India. Wenye misafara wameandika kurasa nyingi juu yake: uaminifu wake, ulevi wake, ugomvi wake. Mubarak ni dua ya Kiarabu, na Bombay ni mji. Jina aliloitwa na mama yake halimo katika vitabu vyao.