Jani Lilelile, Sheria Mbili

Nyamisangura nilikokulia ni kata ya mjini Tarime, ingawa enzi zile nyuma ya nyumba nyingi bado kulikuwa na migomba na mahindi. Bangi haikulimwa uani kwetu. Ililimwa mbali, kwenye bonde la Mto Mara, na habari zake zilitufikia operesheni ya polisi ilipopita. Wiki ile darasani kungekosekana mwenzetu mmoja au wawili: baba wa huyu kavuka mpaka wa Sirari kukimbilia Isebania, Kenya, kaka wa yule yuko mahabusu. Mama aliyetusomesha kwa kahawa na ndizi hakutaka mjadala. "Mwanangu, lile jani lina kesi," alisema, na maneno yakaishia hapo.

Miaka ilivyosonga, kesi ikazidi uzito. Baada ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ikaja ile ya 2015, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kisha marekebisho ya 2017. Sasa hata anayesafirisha bangi isiyofika kilo 50 anaweza kufungwa miaka 30.

Wakati huo mimi nilikuwa Denver, Colorado, nilikofika kwa bahati nasibu ya viza. Wapiga kura wa jimbo lile waliihalalisha bangi mwaka 2012, na tarehe 1 Januari 2014 maduka yakafunguliwa. Niliona watu wamejipanga foleni kwenye baridi, askari wakiwaangalia tu, na moyo wangu wa Kitarime ukawa unangoja mtu apigwe pingu. Hakupigwa mtu. Baadaye nilipotafuta kibarua, nikaajiriwa kwenye shamba la bangi la ndani ya jengo, lenye leseni, kazi yangu kuchambua maua kwa mkasi mdogo.

Nilichukuliwa alama za vidole, nikapewa kitambulisho cha serikali ya jimbo nikivae muda wote. Kila mche ulikuwa na lebo yenye namba, ukifuatiliwa tangu ukiwa mchanga hadi unauzwa, na kamera zilitutazama toka asubuhi. Mzani ukipishana na kumbukumbu, kazi ilisimama hadi tofauti ipatikane. Mshahara ulilipwa kwa noti, kwa sababu sheria ya shirikisho bado iliikataza bangi na benki nyingi ziliogopa fedha zake. Penye noti nyingi pana majambazi, kwa hiyo mlinzi wa mlangoni alikuwa na bunduki. Jioni vidole vilikakamaa, na vumbi la maua lilitukohoza. Kikohozi kile tulikidharau. Lakini mwaka 2022, huko Massachusetts, mfanyakazi wa kiwanda kilichosaga bangi alifariki kwa pumu iliyotokana na kazi yake.

Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo: mgeni anayejihusisha na bangi, hata kwa ajira halali ya jimbo, anaweza kunyimwa uraia kwa kukosa maadili mema. Mwenye shamba, raia, hakuguswa. Tulioguswa ni sisi wenye mikasi. Wakili alinishauri niache, nikaacha. Siku ile nilielewa kwamba sheria inaweza kumruhusu tajiri kuuza kitu na papo hapo ikamhukumu maskini anayekishika.

Nimerudi Tarime na kukuta mazungumzo yamebadilika. Vijana wanazitaja Lesotho iliyotoa leseni mwaka 2017, Malawi iliyotunga sheria mwaka 2020, Rwanda, na mashamba yenye kibali kule Kasese, Uganda. Wanakumbuka kampeni ya urais ya mwaka 2022 ya George Wajackoyah, aliyewaahidi Wakenya kulipa deni la taifa kwa bangi. Wananiuliza, "Kaka, kwetu lini?"

Ninawajibu kwa yale niliyoyaishi. Kibali cha bangi ya dawa kwa kawaida kinadai uzio, kamera, maabara ya kupima na mnunuzi wa nje aliyekwisha kusaini mkataba. Mkulima wa ekari moja hana hata kimoja. Bila sheria inayomtaja kwa jina lake la mkulima mdogo, leseni itakwenda kwa wenye mitaji, naye ataajiriwa kibarua kwenye ardhi aliyoiuza.

Kwa hiyo siku mjadala huo ukifika bungeni kwetu, napenda Tarime iulize mambo matatu kabla ya kushangilia: nani atashika leseni, nani atalinda mapafu ya kibarua, na waliofungwa kwa mche uleule watatendewa nini. Hadi hapo sheria ni ile ile, na simshauri mtu aichezee. Wakati tunangoja, kahawa yetu, ambayo kwa miaka mingi imevushwa Kenya kufuata bei nzuri, inahitaji mnunuzi anayelipa vizuri hapa hapa na kwa wakati. Hilo halingoji sheria mpya, na viongozi wetu wanaweza kulianza msimu huu.