Tairi Nalo Hupakwa Poda!

Ukiingia Chang'ombe, hapa Dodoma, vumbi linakulaki kabla ya wenyeji. Juzi nilimsindikiza braza kununua tairi la mtumba. Kesho yake alikuwa anapeleka watoto Singida. Tairi jeusi, linang'aa, halina kipara. “Umelamba dume!” nikamwambia.

Mzee mmoja, dereva wa lori, akachutama, akafuta vumbi ubavuni. Limeandikwa 91H: linabeba kilo 615, mwisho spidi 210. Safi! Lakini hiyo ni ahadi ya ujana. Akahamia penye DOT, tarakimu nne za mwisho: 0912. Yaani wiki ya 9, mwaka 2012! Mpira ukizeeka juani hukakamaa, unaweza kupasuka njiani.

Braza akarudisha noti mfukoni. Msomaji, usidanganywe na mng'aro. Chutama, usome umri.