Amana Nayo Huhitaji Msemaji

Wengi wetu huamini kwamba mwenye kutunza amana hahitaji maneno. Hesabu zikiwa safi, zitajisemea zenyewe. Miaka sita ya ukatibu wa kamati ya msikiti imenionyesha vingine. Hesabu husemewa na mtu, na mtu huyo akishindwa kusema, waumini huondoka na dhana.

Mhazini wetu ni fundi seremala, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye sijapata kumwona akichanganya fedha ya sadaka na ya mfukoni mwake. Mwaka jana tulichanga shilingi 6,400,000 za kisima. Shimo la kwanza lilitumia 2,500,000 na halikutoa maji. La pili lilitumia 2,900,000, likatoa. Pampu na mabomba vikachukua 800,000, zikabaki 200,000. Habari yote ni hiyo. Lakini aliposimama kuieleza baada ya swala ya Ijumaa, alianza kwa kuwashukuru wazee mmoja mmoja, kisha akafungua faili akasoma stakabadhi moja baada ya nyingine, macho kwenye karatasi, kipaza sauti kifuani. Kabla hajalifikia lile shimo kavu, nusu ya watu walikwisha kuvaa viatu. Wiki ile ile ikasemwa mitaani kuwa kisima kimoja kimekula fedha za visima viwili. Mkewe aliyasikia hayo sokoni.

Akaniletea barua ya kujiuzulu. Nilimwomba tuiweke mpaka mkutano mkuu, siku kumi mbele, na kila usiku baada ya Isha tukae barazani tufanye mazoezi.

Sisi tuliopita vyuo vya dini tulisoma balagha. Tulihifadhi aina za tashbihi na majazi, lakini sikumbuki siku tuliyosimamishwa mbele ya watu wenye hasira. Nilianza kwa kumkumbusha kuwa Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akamwombea nduguye Harun, aliyekuwa fasaha kuliko yeye, awe msaidizi wake. Nikamtajia pia alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alizungumza kwa utulivu hata mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Hili la pili ndilo lililomfaa zaidi, kwa kuwa hofu ilikuwa ikimkimbiza.

Nilimuuliza, "Baba, watu wanataka kujua nini?"

"Fedha zimekwenda wapi."

"Basi anzia hapo."

Jambo hilo peke yake lilituchukua siku tatu, maana adabu aliyolelewa nayo humtaka atangulize shukrani ndefu. Tukapatana: salamu, kisha lile shimo kavu, moja kwa moja. Tarakimu tano tu, na baada ya kila moja anyamaze kidogo, amtazame mtu mmoja usoni. Stakabadhi zibandikwe ubaoni, mwenye kutaka akasome. Mikono yake iliendelea kutetemeka. Tukaona ashike penseli yake ya useremala, na kweli ikamsaidia.

Siku ya mkutano alizungumza kwa muda usiozidi dakika tano. Alipotamka kuwa yalichimbwa mashimo mawili na la kwanza halikutoa maji, ukumbi ulinyamaza. Kijana mmoja akauliza, kwa ukali kidogo, shimo hilo liko wapi. Mzee akamwelekeza nyuma ya mahali pa kutawadhia, wala hakuongeza neno. Kijana akatoka kwenda kutazama, akarudi akaketi.

Swali la mwisho lilitoka upande wa akina mama: je, shimo hilo limezibwa, au siku moja mtoto atatumbukia? Mhazini aligeuka upande wao, akasogeza kipaza sauti mdomoni, akajibu kuwa limezibwa kwa zege mwezi ule ule, na kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe na wanawe.