Buda Alikuwa Anaamka Mara Tano Usiku, Mimi Nikacheka

Wasee, leo sina mzaha.

Chumba changu kimepakana na choo, so kila usiku nilikuwa namsikia buda. Saa sita, saa nane, saa tisa. Anasimama huko wee, ukisikiliza ni matone tu. Asubuhi moja nikamwambia mathe, "Huyu mzee amehamia choo, aanze kulipa rent." Tukacheka. Buda pia alicheka. Halafu akaacha chai ya jioni, na hakuna mtu alimuuliza mbona.

Juzi akashikwa na mafua, akanunua dawa ya kufungua pua pale kwa kemisti. Usiku huo mkojo ulikataa kabisa. Tumbo la chini likawa gumu kama mpira. Tuko kwa teksi saa tisa usiku, mzee wa miaka 61 analia kimya akiangalia dirisha. Sijawahi kumwona hivyo.

Walimwekea mpira wa mkojo, akapata afueni palepale. Kisha daktari akatuchorea kwa karatasi. Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Mwanaume akizeeka, inakua, na ikikua inabana hiyo njia. Zile dawa za kufungua pua zinaweza kukaza misuli ya hapo, ndio maana kila kitu kilifungika.

Huku kukua si saratani. Lakini dalili zinaweza kufanana, so alipimwa: damu, skani, na daktari akakagua kwa kidole. Ndiyo, kidole. Ilichukua sekunde chache na buda bado ni buda.

Alipewa tamsulosin, inayolegeza hiyo misuli. Kuna dawa zingine za kupunguza tezi yenyewe, ila hizo zinataka miezi kadhaa. Zikishindwa, kuna upasuaji. Na chai? Anakunywa mapema.

Nilimuuliza, "Baba, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningeanzia wapi, na wewe ndiye ulikuwa unacheka?"

Hiyo iliniingia.

Siku hizi anaamka mara moja tu. Kama wako anahesabu safari za choo usiku, ama anakataa safari ndefu za matatu bila sababu, usitoe joki. Mkae wawili, umuulize kwa heshima, na ujitolee kumsindikiza hosi. Mimi nilingoja mpaka saa tisa usiku.