Je, Mwanga Husukuma? Maelezo kwa Mwalimu Mtarajiwa wa Sayansi

Wanachuo wengi wametuuliza, nao wana haki ya kuuliza, mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na fotoni. Mtoto wa darasa la tano hatahiniwi juu ya kwanta, wala hatatakiwa kukokotoa momenta ya mwanga. Hayo ni kweli. Walakini mwalimu hafundishi yale tu yaliyoandikwa katika muhtasari. Kila sentensi imtokayo kinywani mbele ya darasa ni somo, na zipo sentensi mbili juu ya mwanga, ambazo tumezisikia mara nyingi tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, ambazo hawezi kuzipima ila mtu anayefahamu, japo kwa uchache, nishati na momenta ya fotoni.

Sentensi ya kwanza ni hii: "Mwanga hauna uzito, kwa hiyo hauwezi kusukuma kitu." Asemaye hivyo aghalabu amekariri kwamba momenta ni tungamo mara mwendokasi. Fotoni haina tungamo, na sifuri ukiizidisha kwa chochote hubaki sifuri. Hesabu ni safi, ila kanuni imetumiwa mahali pasipo pake. Kanuni hiyo ni ya jiwe, mpira na gari, yaani vitu vyenye tungamo ambavyo mwendo wake ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mwanga. Kwa mwanga twachukua nishati na kuigawanya kwa mwendokasi wa mwanga, ambao ni kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde. Tupatacho ndicho momenta. Kigawanyo ni kikubwa mno, na ndiyo sababu msukumo wa mwanga hatuuhisi.

James Clerk Maxwell aliueleza msukumo huo katika kitabu chake cha mwaka 1873, kabla hajatokea mtu wa kuwaza fotoni. Pyotr Lebedev, akifanya kazi Moscow, aliupima mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Kisha mwaka 1923 Arthur Compton wa Marekani akatangaza jambo zito zaidi. Alikuwa ameelekeza eksirei kwenye grafiti, akaona kwamba baadhi yake zilitawanyika zikiwa na wimbi refu kuliko zilivyoingia. Aliyewahi kucheza gololi atafahamu upesi: gololi ikiigonga nyingine iliyotulia, huigawia sehemu ya mwendo wake. Fotoni ya eksirei ilikuwa imeigonga elektroni na kuiachia sehemu ya nishati na momenta yake. Na kwa fotoni, kupungua kwa nishati ndiko kurefuka kwa wimbi.

Msukumo wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Tuchukue shamba la hekta moja, jua la utosini, mbingu nyeupe. Kila mita ya mraba hupokea takriban wati 1,000. Kama shamba lingeumeza mwanga wote huo, lingesukumwa kwa kani iliyo sawa na uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Hekta nzima, na kani haifikii uzito wa kijiko cha sukari! Hata hivyo, mahali pasipo na hewa, kidogo hicho chatosha. Mwaka 2010 Wajapani walirusha chombo kiitwacho IKAROS, wakakitandazia tanga jembamba lenye upana wa mita 14 kila upande. Mwanga wa jua ulilisukuma tanga hilo kwa kani ya milinewtoni zipatazo 1.12, nao wakaipima kwa kuangalia jinsi mwendo wa chombo ulivyobadilika.

Hapa twapenda kusimama kidogo juu ya kifaa kimoja kinachopendwa sana. Ni tufe la kioo lililotolewa sehemu kubwa ya hewa, na ndani yake yamo mabapa manne yaliyosimamishwa juu ya ncha ya sindano, kila bapa likiwa jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili. Ukiliweka juani mabapa huzunguka. William Crookes alilitengeneza katika miaka ya 1870. Tulimshuhudia mwanachuo mmoja hodari akilionyesha darasani kuwa ni ushahidi wa mwanga kusukuma, na watoto wakashangilia. Kisha msichana mmoja akauliza mbona bapa lakimbia kwa upande wake mweusi. Mwanachuo alimjibu kwamba hilo si la darasa lao.

Swali lile lilikuwa ndilo somo lenyewe. Ning'inizeni ubao mwepesi kwa kamba, mwurushie donge la udongo mbichi, kisha mpira wenye uzito sawa na kwa mwendo sawa. Donge hunata, mpira hurudi nyuma, na ubao husukumwa zaidi na mpira. Vivyo hivyo fotoni inayomezwa na weusi huacha momenta yake yote, bali ile inayorudishwa na weupe huacha karibu mara mbili. Kwa hiyo, kama ni mwanga uliokuwa ukiyasukuma mabapa yale, upande mweupe ndio ungalikimbia nuru. Kwa kuwa wakimbia mweusi, hapana budi kani ile itoke penginepo, nako ni kwenye hewa kidogo iliyobakia ndani ya tufe, ambayo hupata joto zaidi kwenye upande mweusi. Mtoto yule alikuwa amekwisha kuipinga nadharia kwa macho yake mwenyewe, naye akaambiwa anyamaze.

Sentensi ya pili tuliisikia uwanjani, siku ya mawingu mepesi: "Vueni kofia, leo jua halina nguvu." Darasani mle alikuwamo mvulana mwenye ualbino.

Hili ni suala la nishati ya fotoni, wala si la wingi wake. Mwanga ukiongezeka ukali, idadi ya fotoni ndiyo iongezekayo. Nishati ya kila fotoni hutegemea urefu wa wimbi lake tu, na wimbi likiwa fupi nishati huwa kubwa. Mkaa uliowaka vizuri jikoni hutoa zaidi miale ya joto, ambayo wimbi lake huwa karibu mikromita 3. Miale ya urujuanimno inayounguza ngozi ina wimbi la karibu mikromita 0.3, basi kila fotoni yake hubeba nishati mara kumi. Mama aotaye moto usiku kucha hupokea fotoni nyingi ajabu, lakini hakuna hata moja kati yake yenye nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya kikemikali ndani ya seli za ngozi yake. Fotoni ya urujuanimno yaweza, hata ikiwa peke yake.

Tena ngozi haina hisia ya urujuanimno. Joto tulihisilo juani hutokana na miale mingine, na wingu jepesi hupunguza joto hilo huku likipitisha sehemu kubwa ya urujuanimno. Kwa hiyo "sisikii joto" si kipimo. Mtoto asiye na rangi ya kutosha ya kumkinga hudhurika siku hiyo pasipo kuhisi lolote mpaka jioni, na madhara hayo hujumlishwa mwaka hata mwaka hadi kufikia saratani ya ngozi.

Yule mvulana hakuivua kofia yake. Mwalimu alipomkazia macho, alisema mama yake amemkataza, akaenda kusimama chini ya mwembe. Kipindi kikaendelea.