Kila Amplifaya na Mkono Wake

Wanaonisikia nikipiga solo huniuliza gitaa langu ni la kampuni gani. Hawaulizi nimelichomeka wapi. Gitaa hilo ni lile lile nililoanza nalo ujanani, pikapu zile zile, hata mikwaruzo ile ile, lakini aliyenisikia kwetu Muthara, Tigania, wakati huo na kunisikia baadaye Nairobi angeapa kuwa amesikia watu wawili. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu naona vijana wa nyumbani wakimaliza akiba yote kwenye gitaa, kisha wanalaumu vidole vyao.

Kanisani kwetu kulikuwa na amplifaya ya Ahuja. Nani Afrika Mashariki asiyeijua? Kampuni hiyo ya India ilianzishwa mwaka 1940, na mashine zake zimebeba mahubiri, mikutano ya wanasiasa na matangazo ya msiba kote Tigania. Naiheshimu. Inavumilia vumbi, stima ikipotea unaiunganisha na betri ya gari, na honi ikishafungwa juu ya paa mhubiri anasikika hadi ng'ambo ya bonde. Ila iliundwa kwa ajili ya mtu anayesema. Honi husukuma sauti za katikati, ambazo ndizo zinazobeba maneno, na besi inaiacha nyuma. Tundu la maikrofoni nalo halikukusudiwa pikapu ya gitaa: linaielemea, na zinazokufa kwanza ni zile sauti nyembamba za juu. Gitaa likatoka na sauti ya puani, bila kifua na bila makali.

Mzee aliyetufundisha kwaya alikuwa ameshaishi na tabia hiyo miaka mingi. "Kijana wangu, usipige nyuzi zote pamoja," aliniambia. "Chagua mbili, tatu za chini, na usiziache zilie sana." Za chini alimaanisha zile nyembamba, zinazokaa chini ukishika gitaa. Basi nikawa napiga karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokuwa ngumu na kali, kila noti fupi, imetengana na mwenzake kama punje za mahindi. Wakati huo niliamini huo ndio mtindo wangu. Kumbe mtindo ulikuwa wa Ahuja, mimi niliufuata tu. Hata hivyo ulinifaa, kwa sababu nyimbo tulizozipenda redioni zilikuwa za benga, muziki uliozaliwa kwa Wajaluo, ambako gitaa lilirithi mwendo wa nyatiti na nyuzi zake nane. Ukimsikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz, hakuna noti inayomfunika mwenzake.

Kisha ikaja Fender. Tulikuwa tumeunda bendi ya kupiga kwenye mabaa ya Meru na Maua, na jamaa wa mpiga besi wetu akarudi kutoka Marekani na Twin Reverb. Hiyo ni mashine ya valvu, wati 85, spika mbili za inchi 12, na uzito wake unakaribia kilo 30. Tuliibeba watu wawili. Marekani stima ni volti 120, kwetu ni 240, kwa hiyo kabla ya kuiwasha tulitafuta transfoma ya kushusha. Fundi wa redio alitukataza kuigusa hadi aipime mwenyewe. Akaiwasha, akatuambia tusubiri. Nyuma, kwenye giza la lile sanduku, valvu zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, taratibu, na spika ikaanza kupumua mvumo mdogo. Nikapiga uzi mmoja, ule mnene kabisa. Sikuwa nimewahi kuusikia uzi huo wa gitaa langu. Kwenye honi haukuwepo.

Nikawa mlevi wa sauti hiyo. Nilipiga nyuzi zote sita kwa pamoja, nikaongeza mwangwi wa springi uliomo ndani ya mashine, nikaziacha noti zilie hadi zijifie zenyewe. Nyumbani ilikuwa tamu. Jukwaani, kiongozi wetu alinifuata wakati wa mapumziko na kuniuliza kwa nini solo haisikiki. Mashine ilikuwa wazi kabisa! Fundi ndiye aliyenifungulia siri: mzunguko wa Fender, hata vitufe vikiwa katikati, huichimba sauti ya kati na kuacha besi na sauti za juu zikisimama. Ukiwa peke yako unasikia utamu. Besi na ngoma zikiingia, pale gitaa linapopaswa kukaa pana shimo. Ahuja ilikuwa na katikati peke yake, Fender ilikuwa na kila kitu isipokuwa katikati. Nikapandisha kitufe cha kati, nikapunguza besi, na mkono wa kulia ukahama kutoka darajani hadi usawa wa shingo. Usiku stima ilipolegea, nayo sauti ililegea, ikawa laini kuliko nilivyotaka, na nikajifunza kugonga nyuzi kwa nguvu zaidi.

Baadaye, Nairobi, nilikutana na amplifaya ya Marshall, JCM800, katika klabu moja. Historia yake inanivutia hadi leo. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la vyombo Hanwell, London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliichukua amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, wakaifuata karibu hatua kwa hatua, lakini kwa vifaa walivyovipata Uingereza: transfoma za Kiingereza, spika za Celestion, na sanduku lililofungwa nyuma badala ya lililo wazi. Mchoro karibu ule ule, sauti nyingine kabisa. Mtu akiniambia jina la kampuni ni nembo tu, namrudisha hapo Hanwell. Spika peke yake inatosha kumgeuza mpigaji, na sanduku lililofungwa husukuma besi mbele ikagonga kifuani.

Kwenye JCM800 katikati ilijaa, na nilisikika hata mlangoni. Lakini ukiongeza kidogo tu, sauti huanza kukwaruza na noti kuungana. Kwa roki ni dhahabu. Benga ilinikataa: zile mbio za vidole zikawa uji. Dawa niliipata kwenye gitaa lenyewe, kwa kushusha sauti yake hadi karibu nusu, mashine ikatulia.

Amplifaya ya Roland JC-120 ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Ilitoka mwaka 1975, haina valvu, ni transista tupu, na ndani yake mna amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake. Ukiwasha korasi, spika moja hutoa sauti iliyonyooka na nyingine hutoa ile inayotikiswa, zikakutana hewani mbele ya uso wako. Mara nikasikia sauti niliyoijua kutoka kanda za Kikongo za miaka ya 1980. Na haikwaruzi hata uiongeze vipi. Kila kosa la kidole linasikika, na kila noti sahihi inasikika. Ile punje kwa punje aliyonifundisha mzee chini ya honi ilirudi, safari hii ikiwa na kifua.

Kwetu fedha za muziki zilitoka kwenye miraa iliyouzwa nje. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, mabaa yalipunguza bendi na Twin ikauzwa. Siku hizi nikirudi Muthara nabeba Roland Micro Cube, ya wati mbili, inayotumia betri sita ndogo. Ina kitufe cha kuiga Fender, Vox na Marshall. Haiwi hizo, lakini inatosha kumwonyesha kijana tofauti.

Kwa wazee wa makanisa ya Tigania nina ombi. Mkifanya harambee ya vyombo, gitaa likiwa kwenye orodha, amplifaya ya gitaa nayo iwe kwenye orodha, hata ndogo, hata ya mtumba. Ahuja iachieni mhubiri. Na ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja kizuri tu, nunueni gitaa la bei nafuu na amplifaya nzuri.