Chaneli ya 13 na kimya cha Mama

Nimepotea wiki kadhaa, mniwie radhi. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kosa langu mwenyewe, na nadhani litamfaa yeyote mwenye ruta nyumbani.

Ninaishi Bulla Pesa, hapa mjini Isiolo, na kazi yangu ya kuandika programu naifanyia nyumbani. Mchana mtandao ulikuwa safi. Ikifika saa mbili usiku, majirani wakisharudi makwao, unakwama. Naongea na mteja kwa video, mara ameganda kama picha ya ukutani. Nikaipigia simu kampuni inayoniuzia intaneti, nikawafokea. Kisha nikafanya jambo ambalo ndilo ningeanza nalo: nikachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Kasi ikawa kamili! Kumbe intaneti ilikuwa ikifika nyumbani salama, halafu inapotelea humu humu ndani, hewani.

Nikaweka kwenye simu programu ya kuonyesha mitandao ya jirani. Nikahesabu 17, na karibu yote imerundikana kati ya chaneli ya 4 na ya 8. Yangu ilikuwa kwenye ya 7.

Hapa nieleze kidogo. Masafa ya gigahezi 2.4 kwetu yana chaneli 13, lakini zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mtandao mmoja unahitaji kama 20. Ndiyo maana tunashauriwa kutumia tatu zisizogusana: 1, 6 na 11. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kungojeana, kama makundi ya ng'ombe kisimani chini ya aba herega, msimamizi wa zamu wa Waborana. Utachelewa, lakini utakunywa. Anayejibanza katikati, kwenye ya 3 au ya 7, haelewi zamu ya mtu. Kwake wenzake ni kelele tu, na kwao yeye ni kelele.

Tena ruta yangu ilikuwa imewekwa upana wa megahezi 40. Huo ni ulafi mtupu mahali penye majirani wengi! Nikairudisha 20. Laptopu nikaihamishia gigahezi 5, chaneli ya 36, kwa kuwa iko chumba kimoja na ruta. Masafa hayo yana nafasi zaidi, ila ukuta wa mawe huyapunguza nguvu sana. Zikabaki simu za nyumbani kwenye 2.4. Nikaona chaneli ya 13 haina mtu kabisa. Nikajiona mjanja, nikaichukua.

Siku nne nikala raha. Siku ya tano dada yangu mdogo, anayefanya kazi Doha, akaniandikia: "Kaka, Mama amenikasirikia? Hajibu."

Mama hutumia simu aliyoletewa na mjomba kutoka Marekani. Hanunui bando, waifai yangu ndiyo bando lake. Kila usiku baada ya Isha binti yake humtumia ujumbe wa sauti, naye humjibu. Sasa, Marekani vifaa vingi hutengenezwa viishie chaneli ya 11. Kwa simu ile, mtandao wetu haukuwa mbovu. Haukuwepo!

Nikamwendea. "Nilidhani amenichoka," akasema. "Nikasema nisimsumbue, kazi za huko ni ngumu." Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Wewe mlango umefunga, masikio umeziba. Ningekuambia saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye ruta, nikaiweka chaneli ya 11. Nilipokuwa humo nikatazama na hali ya muunganisho. Kwa tamaa ya kasi nilikuwa nimechagua 802.11n pekee, nikairudisha mchanganyiko wa g na n. Usalama nikauweka WPA2 na WPA3 pamoja, maana si kila simu ya zamani inaijua WPA3.

Simu ya Mama ikalia. Ikalia tena, na tena. Akaketi kitandani, akasikiliza ujumbe wote kwa mpangilio, kuanzia ule wa kwanza.

Basi ushauri wangu ni huu. Kabla ya kugusa chaneli au hali, andika vifaa vyote vya nyumbani, na mbele ya kila kimoja jina la mwenyewe. Ukimaliza, zunguka ujaribu kimoja kimoja. Usiishie kwenye laptopu yako. Kifaa dhaifu kuliko vyote huenda ndicho chenye mtu anayekitegemea zaidi.

Kwenye ya 11 nimekuta ruta mbili za majirani. Tunangojeana, na usiku mambo yanakwenda. Na ile kampuni niliyoifokea nimeipigia tena, kuomba radhi.